Mgongo wa Ndege ya Papa Kasereka

Vijana wa atelye, karakana yetu ya faiba,

Asanteni kwa kiti mlichonipa siku ya kuniaga. Ni kiti kizuri cha faiba, rangi ya buluu, na mke wangu anakisifu kwa kila mgeni. Lakini ukingo wake wa kushoto, pale chini ya mahali pa kuwekea mkono, haukupigwa msasa. Mtu akikikalia na shati la mikono mifupi anainuka akijikuna. Juzi nimeumaliza mwenyewe kwa tupa. Siwalaumu, nataka tu mjue kwamba niliuona.

Mliniomba niandike mambo ya kazi tangu nilipoanza. Mengi mnayafahamu: mitumbwi ya ziwa tuliyoiziba matumbo, matangi ya maji, mabeseni, pua za magari zilizovunjwa na mawe ya barabara ya Sake. Kazi hizo zilinilisha, nazishukuru, na sina zaidi la kusema juu yake. Nitaandika juu ya kazi yangu ya kwanza ya faiba, ambayo hamjawahi kuniuliza kwa sababu sijawahi kuitaja. Anayetaka maneno ya kumtia moyo aende kanisani Jumapili. Hapa hayapo.

Nilishuka kutoka milima ya Masisi nikiwa seremala, nina mke na sanduku moja la vyombo vya kazi, tukapanga chumba Mabanga, hapa Goma. Miaka hiyo nchi iliitwa Zaïre. Tulikuwa tumevuliwa majina ya ubatizo, kila mtu akiitwa citoyen, yaani raia, na Jumamosi tulitoka wote kwenda salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kuondoa mawe barabarani. Kuondoa mawe Goma ni kuteka ziwa kwa kijiko, lakini amri ni amri. Kwenye salongo hiyo ndiko nilikokutana na Papa Kasereka, Mnande wa Butembo, mtu mrefu mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, iliyopigwa pasi vizuri hata kwa kazi ya mawe. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia useremala. Akasema nije Jumatatu, ana kazi ya mbao na ya kitu kingine.

Alikaa kwenye njia ya Munigi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda la mawe lililowahi kuwa ghala la kahawa. Mimi nilidhani naitiwa kabati. Akafungua mlango, nikakuta kitu kirefu cha plaiwudi kimekaa juu ya vigogo vinne, hakina mabawa wala magurudumu, na juu kiko wazi.

"Citoyen, hii ni nini?"

"Ndege. Haujaonaka ndege?"

"Nilionaka zile za ku yulu. Ya mu nyumba, hapana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanionyesha michoro iliyotoka ng'ambo, na kreti kubwa lenye vipande vyeupe: kifuniko cha injini, ncha za mabawa, viatu vya kufunika magurudumu, na kipande kimoja kirefu kilichopinda, kikubwa kuliko vyote. Hicho kilikuwa mgongo. Alisema hizo ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, gundi inayokauka ikawa ngumu, nyepesi kuliko mbao na ngumu kuliko bati, na kwamba hakuna hata kimoja kinachofika kikiwa na ukubwa wake kamili. Kila ukingo umeachwa mpana na wenye meno meno. Kazi ni kuupunguza mpaka ukae kwenye mwili wa ndege yako, si wa ndege nyingine. Ndiyo sababu alihitaji mtu mwenye subira ya seremala.

Nilianza siku hiyohiyo, na jioni nilijua kwa nini wengine wangekataa. Vumbi la faiba linaingia kwenye ngozi kama upupu. Nilifika nyumbani nikajimwagia maji ya moto, kosa la kila mgeni wa kazi hii, kwa sababu moto unafungua ngozi na nyuzi zinaingia ndani zaidi. Mke wangu alinitupia mkeka akaniambia nilale karibu na mlango. Asubuhi Papa Kasereka aliniangalia mikono. "Maji ya baridi, Ndoole! Ya baridi, na usisugue!" Miaka yote niliyowafokea juu ya maji ya baridi, ilikuwa sauti yake.

Huyu mtu alinifundisha kila kitu mnachokiita ufundi wangu. Alinifundisha kutokata kwenye mstari. "Mustari ni ya kuangalia, haiko ya kukata," alisema. Unakata mbali nao kwa upana wa kidole kizima, kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa upande mmoja. Unaweka, unatazama, unatoa, unapiga tupa, unaweka tena. Siku nzima inaweza kwenda kwa kutoa na kuweka, na jioni ukiulizwa umefanya nini huna la kuonyesha ila vumbi. Alinifundisha kuweka taa ya petroli, yaani ya mafuta ya taa, ndani, kwa kuwa faiba isiyopakwa rangi hupitisha mwanga, na kivuli cha mbao huonekana kwa nje, unakifuata kwa penseli. Kipimo chetu cha mwanya kilikuwa kile kile kipande cha msumeno. Ukikipitisha kati ya kipande na kipande kikakwama, hujakata vya kutosha. Kikianguka chenyewe, umeshaharibu.

Kwa nini mtu anajenga ndege kwenye ghala la kahawa? Niliona haya kumuuliza, lakini hakuwa mtu wa siri. Alikuwa rubani. Aliendesha ndege ndogo zilizobeba nyama na mboga kutoka huku kwenda Kinshasa, mpaka zikaisha moja baada ya nyingine kwa kukosa vipuri, na yeye akaambiwa angoje nyumbani. Mama yake, Mama Kahindo, alikuwa mkulima huko Butembo. Mjane huyo alikuwa ameuza shamba lake la maharage la bondeni ili mtoto aende kusomea kuruka. Katika miaka yote ya kazi, hakuna safari hata moja iliyompitisha Kasereka Butembo. Mama alikuwa hajawahi kumwona angani. Majirani walikuwa wakimuuliza yule mtoto wako wa ndege yuko wapi, na yeye anaonyesha juu tu.

"Nilimwambia nitatua mbele yake," alisema. "Nitashuka, nitamufungulia kioo, atapanda, nitamuzungusha yulu ya shamba yenye aliuzisha."

Kisha akaniambia la pili. Macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari wa misheni aliuita ugonjwa huo presha ya macho. Alimweleza kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitakwenda, hakujua lini. Karatasi yake ya urubani ilikuwa bado hai, kwa sababu daktari wa kuipima alikuwa Kinshasa na Kinshasa ilikuwa mbali. Wakati huo bado aliona vizuri mbele, alichopoteza ni pembeni tu. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa banda, akatazama moshi wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, unaelekea wapi, akaniambia upepo wa siku hiyo. "Leo inatoka Sake. Leo ningerukia upande wa ziwa." Tulikuwa tunashindana na macho yake, basi. Hakuna aliyesema hivyo, lakini kila nilipopiga tupa nilikuwa najua.

Sasa sikilizeni habari ya mgongo, maana yote yamo humo.

Kiwiliwili cha ndege bila mgongo ni boksi la katoni lisilo na kifuniko. Likikaa mahali pasipo sawa linajipinda, na ukifunga kifuniko likiwa limejipinda, linabaki hivyo milele. Kwa hiyo kabla ya yote tuliweka vile vigogo vinne sawa kwa mpira wa maji, ule wa waashi: mpira mwembamba unaojazwa maji, na maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama kimo kimoja. Tulizunguka nao pembe zote. Ilikuwa sawa kabisa. Papa Kasereka akapiga kofi moja la furaha, mpira tukauning'iniza msumarini.

Kuupunguza mgongo kulichukua msimu mzima wa mvua. Ulikuwa mrefu, nao ulikuwa unagusa mwili pande zote mbili, ukitengeneza kulia unaharibu kushoto. Siku ulipokaa, kipande cha msumeno kilipita kutoka mbele mpaka mkiani bila kukwama na bila kuanguka. Tulipaka nta ya mishumaa pale pasipotakiwa kushika, tukachanganya rezini na pamba iliyochambuliwa ya godoro ili iwe nzito, tukabandika. Rezini haipendi baridi ya Goma, inakaa tu na kukutazama. Tukafunika kila kitu kwa turubai, tukaingiza mbabula mbili, yaani majiko ya makaa, chini yake, tukatoka nje kula viazi.

Hapo ndipo ardhi ilipotikisika. Wiki hizo ilikuwa ikitikisika mara kwa mara. Sufuria ililia, mbwa wakanyamaza, halafu basi. Mgeni angekimbia. Sisi ni watu wa Goma, mtu wa Goma akitikiswa anashika sahani yake ili viazi visianguke, anaendelea na hadithi aliyokuwa akiisema. Niligeuka kuangalia mlango wa banda.

"Acha," alisema Papa Kasereka, mdomo umejaa. "Ni mulima inapumua."

Nikaacha. Hakuna aliyefikiria mpira wa maji, yeye wala mimi, na nina hakika hata nyinyi msingefikiria. Nilifunua turubai kesho yake, rezini imeshika kama jiwe, mshono safi. Tuliupiga msasa mpaka ukucha ukipita juu yake haukwami.

Baada ya mgongo, vingine vilifuata kwa urahisi. Kifuniko cha injini kilikaa. Paa la kioo lilifunga kwa sauti moja, tap, kama mlango wa gari jipya. Ncha za mabawa, viatu vya magurudumu, vyote vilikaa, kwa sababu tuliviweka, tukatazama, tukatoa, tukapiga tupa kwenye mwili ule tuliokuwa nao. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hadi leo inanitia uchungu. Ustadi wetu wote tuliutumia kuufuata mwili uliopinda, na tuliufuata vizuri sana.

Tulipeleka ndege kwenye uwanja kwa lori, mabawa yametolewa, watoto wa njia nzima wakitukimbilia. Rafiki mmoja alitupa kona ya hanga, banda la ndege, lenye sakafu ya saruji. Tukafunga mabawa. Kwa mara ya kwanza ilisimama kwa magurudumu yake mahali palipo sawa, na ilikuwa nzuri, wenzangu. Mimi mtoto wa wafugaji wa Masisi nilisimama nikaangalia kitu nilichokishika kila pembe na nikaona haya ya machozi yangu.

Papa Kasereka alikwenda nyuma yake, mbali kidogo, akachuchumaa kutazama. Kwa nyuma, mkia na mabawa lazima vilingane, kama rafu mbili za kabati moja. Alitazama sana. Aligeuza kichwa huku na huku kutafuta mahali macho yake yanapofanya kazi. Kisha akaniita.

"Ndoole, simama hapa. Mimi sioni muzuri. Mukia iko sawa na mabawa?"

Nilisimama. Nilifumba jicho moja, nikabadilisha la pili.

"Uniambie."

"Papa, mukia inainama."

"Wapi?"

"Ku kushoto. Kiloko tu."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akapangusa magoti ya suruali yake, akauliza kama kidogo hicho ni unene wa kidole. Nikasema ndiyo. Akasema ndege yenye mkia wa namna hiyo inaweza kuruka, lakini itakuwa inakuvuta upande muda wote, usiku na mchana, na rubani mwenye macho mazima anaweza kupigana nayo.

Tulirudi bandani tukachukua mpira wa maji msumarini. Kigogo cha nyuma kilikuwa kimezama upande wa kushoto. Tulipiga sakafu kwa nyundo pale chini yake ikajibu kama ngoma, kulikuwa na pango, kama yalivyo mapango mengi chini ya nyumba zetu, na mtikisiko ulikuwa umelibomoa kidogo. Kidogo tu. Papa Kasereka alikaa juu ya kreti tupu. "Ni siku ya viazi," alisema. Nilimjibu ndiyo, ni siku ya viazi. Niliuchukia mlima huo siku hiyo, na sijaacha mpaka leo.

Njia ilikuwa moja: kukata mgongo wote, kuunyoosha mwili, kuurudisha. Alitaka kuanza yeye. Alishika msumeno, akapitisha vidole ubavuni mwa ndege, akarudi, akapitisha tena. Tuliufanya mshono vizuri mno. Macho yake hayakuuona na ukucha wake haukuukuta.

"Ndoole, iko wapi?"

Nilishika kidole chake nikakiweka juu yake. "Hapa, Papa."

Alikata shubiri moja, akanipa msumeno, akatoka nje.

Mwili ulinyooka baada ya kutoa mgongo, kwa pole pole na kwa kamba. Lakini ukingo wa mgongo ulikuwa umeliwa na msumeno, ilibidi kuujenga upya kwa nyuzi na rezini, na pipa letu la rezini lilikuwa limegeuka uji mzito usiofaa kitu. Rezini nyingine ikaagizwa. Ilifika Kinshasa, tukaambiwa. Huko ikakaa, kwa kuwa ndege za kuja Goma hazikuwa na mafuta, na zilipokuwa na mafuta zilikuwa na wakubwa na mizigo ya wakubwa. Nikawa natengeneza madirisha ya watu ili nile, na kila asubuhi nilipitia kwake. Mwanzoni alinieleza upepo kama kawaida. Kisha siku moja akaniuliza, "Moshi inaenda wapi leo?" Nilidhani ananipima kama nimejifunza. Nikamwambia unaelekea Munigi. Kesho yake akauliza tena. Nikaelewa.

Watu huniambia kwamba kungoja ni kazi pia. Si kazi. Fundi aliye na ujuzi, na vyombo vimenolewa, na mwenye kazi anamalizika mbele yake kwa sababu ya pipa lililolala kwenye ghala la watu wengine, huyo hafanyi kazi. Anaoza.

Pipa lilipofika, nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Mpira wa maji nilizunguka nao kila asubuhi na kila jioni, na kila ardhi ilipotikisika nilitupa sahani. Papa Kasereka hakuweza tena kupiga tupa, lakini hakukubali kukaa nyumbani. Kazi aliyojipa ilikuwa kuingia ndani ya kiwiliwili na kushika taa, ili mimi nifuate kivuli kwa nje. Alikuwa akiisogeza nilipomwambia sogeza. Alasiri moja yenye mawingu, mwanga ukapotea kwenye faiba ghafla. Nilichungulia. Petroli ilikuwa imekwisha. Yeye alikuwa bado ameinua taa juu kwa mkono ulionyooka, akiangalia mbele.

"Papa, taa imezimika."

"Najua," alisema.

Hakujua. Nilijaza petroli, nikawasha, nikamrudishia. Tuliendelea.

Mgongo wa pili ulikaa vizuri kuliko wa kwanza. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu hakuna faida ya kujisifu. Tuliirudisha ndege uwanjani, nikasimama nyuma, mkia na mabawa vililingana sawasawa. Nilimwambia. Akauliza, "Hakika?" Nikamwambia hakika. Akaitikia kwa kichwa akitazama upande ambao ndege haikuwepo.

Nilimwambia kuna kijana rubani pale uwanjani, mtu mzuri, angeweza kuipeleka Butembo, na yeye Papa akakaa pembeni yake. Lilikuwa wazo la busara, nilikuwa nimeliandaa wiki nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu hangojaka ndege," alisema. "Ananingoja miye."

Ndege ikarudishwa bandani kwa lori lile lile, na humo nikayafunga mabawa yake tena. Watoto hawakukimbia safari hii, walikuwa wameizoea.

Kwa kuwa mtoto hakuweza kwenda, mama alikuja. Mama Kahindo alisafiri juu ya lori la mboga, kutoka Butembo, kupitia miteremko ile ya Kabasha ambayo inawafanya hata madereva wasali. Alishuka na kikapu cha viazi na kuku hai wawili, mwanamke mfupi, mgongo umeinama kwa jembe, kitambaa cheupe kichwani. Alimshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, akamtazama macho, akasema naye maneno ya Kinande ambayo sikuyaelewa na sikutaka kuyaelewa. Kisha akasema kwa Kiswahili cha soko, ili na mimi nisikie, "Aya. Munionyeshe ile ndege."

Tulikwenda bandani. Aliizunguka polepole, akiigusa kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Alipofika kwenye mgongo akapitisha mkono wake mara mbili.

"Iko laini. Ni nani alifanya?"

"Ndoole," alisema Papa Kasereka.

"Na inaruka?"

"Inaruka, mama."

Ilikuwa kweli. Kila kipande kilikuwa tayari, injini ilikuwa imewashwa na kujibu, hakuna kilichokosekana kwenye ndege ile. Nilimwinua mama nikamkalisha upande wa kulia, alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Papa Kasereka alipanda peke yake, mikono yake ilijua kila mahali. Alimfunga mama mkanda. Akashusha paa la kioo, na likafunga kwa ile sauti yake moja. Kwa mazoea tu nilitoa kipande cha msumeno mfukoni nikakipitisha kwenye mwanya. Kilipita vizuri.

Aliweka miguu mahali pake, akashika usukani. Mabawa yaliinua na kushusha vidole vyake vya ukingoni, ubao wa mkia ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukarudi katikati. Nilikuwa nimesimama nyuma na nilikuwa naona kila kitu kikifanya kazi. Ndani ya kioo nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya kawaida ya rubani anayeuliza abiria:

"Mama, mbele unaona nini?"

Ndege ilikuwa imegeukia upande wa ndani wa banda, pua kuelekea mawe. Mama Kahindo alinyoosha shingo akatazama. Nilitamani aseme Butembo. Nilitamani aseme shamba, ziwa, wingu, chochote, mama zetu wanajua kudanganya kwa huruma. Lakini huyu alikuwa mkulima, na mtoto wake alikuwa amemuuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Minaona ukuta, mutoto wangu."

Papa Kasereka aliachia usukani. Walikaa humo muda mrefu, na mimi sikuwafungulia mpaka aliponigongea kioo.

Mama alirudi kwa lori la chumvi, akafa mwaka ule uliofuata. Mwana hakukaa sana nyuma yake. Injini ilikwenda kusaga mahindi huko Rutshuru. Mabawa yalikuwa ya plaiwudi, yakaota ukungu, yakawa kuni. Mimi nilichukuliwa na watu wa mitumbwi kwa sababu nilijua faiba, na mengine mnayajua.

Mmesikia ikisemwa kwamba kazi nzuri haipotei. Inapotea. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba faiba haiozi, na hilo nalo si baraka. Mgongo ule bado upo. Umepita vita na umepita moto wa mlima, umegeuzwa kifudifudi huko Mabanga, nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza mkaa, ncha zake zimezibwa kwa saruji, na unakinga maji ya mvua yatokayo kwenye bati. Mwezi uliopita, baada ya sherehe yenu, nilipita pale. Mwenye nyumba aliniambia beseni lake linamwaga upande mmoja, je, limepasuka? Nikaangalia. Halikupasuka. Mawe ya chini yalikuwa yamekaa vibaya, upande wa nyuma umezama.

Niliomba mpira wa maji kwa mwashi wa jirani. Nikaondoa mawe, nikapanga upya, nikapima pembe zote. Mvua ilipokuja mchana ule nilikuwa bado pale, nimejikinga barazani. Maji yalijaa yakagusa ukingo wa kulia na ukingo wa kushoto kwa pamoja.

Mama wa mkaa alifurahi. Aliniuliza kitu hicho kilikuwa nini zamani. Nikamwambia ni mgongo. Akacheka, akasema wazee wa Goma wana maneno.

Jumapili iliyofuata ardhi ilitikisika kidogo wakati wa chakula. Mke wangu alishika sahani yake. Mabanga ni karibu, ni kuvuka barabara mbili tu. Sijarudi kuangalia.